Shahidi wa Mwisho

Tarehe 4 Februari

Kwako Mama Chiriku,

Hunijui, na ukishamaliza kusoma huenda utatamani ungebaki hunijui. Naandika kwa kalamu kwa sababu ukiona jina geni kwenye simu hutalifungua, na una haki. Anwani ya karakana yako ya kujalidi vitabu nimeitoa kwenye ukurasa wako wa zamani, pale ulipokuwa unapokea kazi.

Mimi ni mke wa fundi miwani. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba, na kwa miaka ishirini na sita tumefanya kazi meza moja. Mimi nasaga vioo, yeye anavitia kwenye fremu na kumvalisha mteja. Watu wanampenda. Ana sauti ya chini, hajui hata kumfokea paka. Kuna bibi mmoja alikuwa akija kunyooshewa miwani ambayo haijapinda, ili tu aongeleshwe.

Mwezi wa kumi alipata kiharusi palepale mezani, bisibisi ndogo ikiwa mkononi. Upande wake wa kulia umelala, na ulimi umelala. Nilifungua simu yake ili niwatafute wateja ambao miwani yao ilikuwa haijaisha. Humo ndimo nilimokukuta.

Nisikuzungushe. Yule aliyejiita Shahidi wa Mwisho kwenye ukurasa wa maombolezo ya binti yako ni mume wangu.

Ana majina kumi na moja humo. Moja linawatukana wajane. Moja linajifanya daktari na kuwaambia watu kwamba wangewahi kidogo mgonjwa angepona. Anapita kwenye kurasa za misiba akichagua, kama mtu anayebonyeza nyanya sokoni, na kila aliyefiwa anamwandikia kitu chake. Nimetafuta sana mahali ambapo aliomba chochote, walau nipate sababu. Sikuona. Aliwatazama tu wanavyojibu.

Wewe alikuandikia kwamba alikuwepo chumbani hospitalini, kwamba binti yako alikuita mara tatu na hukuwepo. Ni uongo, mama. Hajawahi kufanya kazi hospitali. Jumanne ile Chiriku alipofariki tulikuwa dukani kutwa. Daftari la vipimo lina wateja saba kwa mwandiko wake, wa kwanza saa mbili asubuhi, wa mwisho saa kumi na moja jioni. Na siku alipokuandikia ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, saa ambayo mimi huwa nimekaa karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono tu nikamgusa. Siwezi kuapa kwamba naikumbuka asubuhi ile hasa. Nakumbuka asubuhi nyingi alizotabasamu akitazama simu, nami nikamuuliza kuna nini, akasema, "Mteja anashukuru." Nikafurahi pamoja naye.

Nataka kuyafunga majina yote. Kabla sijayafunga niliona lazima ujue, ili mzigo huo uutue. Binti yako hakukuita ukakosekana. Hilo lilitungwa na mtu aliyekaa kwenye mto nilioushona mimi.

Sikuombi msamaha kwa niaba yake. Sijui hata kama anautaka.

Mke wa Fundi Miwani


Tarehe 15 Februari

Mke wa Fundi,

Barua yako ilikaa siku tatu juu ya mashine ya kukatia karatasi nikidhani ni ya mteja. Ningejua, ningeikata katikati.

Unaandika vizuri. Pengine na yeye aliandika vizuri kwa kukusikiliza wewe. Ningetaka kukuomba radhi kwa kusema hivyo, lakini bado sijafika huko.

Nikueleze jambo. Binti yangu tulimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza tangu alipojua kusema. Alisema akila, alisema akioga, alisema usingizini. Mwalimu wake alimhamisha dawati mara nne, na kila alipohamia alipata wa kuongea naye, mara ya mwisho dirisha. Alilazwa wiki tatu kwa ugonjwa wa moyo, na kufikia wiki ya pili alikuwa anawajua wauguzi wote na wachumba wao, na nani kati ya wachumba hao hafai. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Asubuhi ile nilikwenda nyumbani kuoga na kumchukulia gauni safi. Nilitumia saa moja na nusu. Niliporudi kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nilimshika muuguzi mkono nikamuuliza alisema nini. Akaniambia, "Alilala tu, mama. Hakusema kitu." Chiriku wangu, hakusema kitu. Nilitoka pale na gauni kwenye mfuko.

Wiki mbili baadaye ndipo akaja huyo Shahidi wenu. Akasema aliniita mara tatu, akaniandikia na maneno yenyewe: "Mama, njoo unisuke." Hayo aliniambia kila Jumapili asubuhi tangu ana miaka minne, ameketi chini, kichana mkononi, mdomo haufungi. Lilikuwa jambo letu wawili. Mtu ambaye hakuwepo angelijuaje?

Huenda kweli hakuwepo yeye. Huenda muuguzi mmoja ni mteja wenu, alikaa kupimwa macho akasimulia. Watu wakivuliwa miwani husema mengi. Kwa hiyo usiniambie ni uongo, haraka namna hiyo. Wewe una daftari la duka tu.

Mimi sikumjibu hata siku moja, ujue. Nilifunga ukurasa, yakaisha. Lakini yu hai, na hukusema kwamba masikio yamelala. Muulize alilipata kwa nani. Na hilo jina la Shahidi usilifunge kwanza.

Mama Chiriku


Tarehe 2 Machi

Mama Chiriku,

Nimemuuliza. Nitakueleza kama ilivyokuwa, hata pale ninapoona aibu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha njia. Namshika mkono wa kushoto ulio mzima, nauliza swali. Akibana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Hivyo ndivyo ninavyojua kama chai ni ya moto, kama anataka kugeuzwa, kama dirisha lifungwe. Kwa miezi minne hajakosea hata mara moja.

Jumatatu asubuhi, nimeshamwogesha, nilimsomea barua yako nzima. Alitulia akinitazama. Nikamuuliza, kuna mtu wa hospitali aliyekusimulia? Akabana mara moja. Nikatoa karatasi nikuandikie siku hiyohiyo, kisha nikasema ngoja nimuulize ni mwanamke au mwanamume, nipate pa kuanzia. Nikarudia na swali la kwanza ili twende pamoja. Akabana mara mbili. Nikadhani amechoka. Baada ya chakula cha mchana alibana mara moja. Jumanne mara mbili, kisha moja, kisha mbili. Nikainua macho nikamtazama usoni. Ule upande wake mzima, Mama Chiriku, ulikuwa unatabasamu. Ni tabasamu lilelile la mezani.

Mkono umelala, ulimi umelala, na kile kitu kiko macho. Nimemwogesha miezi yote hii nikimhurumia kama mtoto mchanga. Sasa nikiingia na beseni naona natazamwa na mtu aliye ndani zaidi, na nageuza uso ninapomkausha.

Basi nikaacha kumuuliza yeye, nikaiuliza simu. Kuna folda ameipa jina Vipimo. Kila mtu aliyemwandikia ana sehemu yake humo, na ndani kuna picha za mambo ambayo mtu huyo aliyaandika mwenyewe zamani, kabla ya msiba, mambo ya furaha. Yako ni ya siku Chiriku alipotimiza miaka kumi na nne. Chini ya picha yake uliandika: "Jitu zima hili, bado kila Jumapili ananiambia mama njoo unisuke, na lilivyo kichwa kikubwa nitamaliza keshokutwa." Watu sitini walicheka. Umesahau, na si ajabu. Nani anakumbuka utani wa siku ya kuzaliwa? Nimeuchapisha, umo ndani ya bahasha hii. Ndivyo alivyofanya kazi. Alimpima kila mtu kwanza, kisha akamtengenezea cha kumwenea.

Nimeona na kingine. Usinichukie. Kuna mahali pa ujumbe wa faragha ambapo mwanzoni sikupafungua. Ulisema hukumjibu. Jumbe zako zimo, arobaini na moja, katika miaka mitatu. Nilisoma chache nikaacha. "Alisema nini kingine?" "Sauti ilikuwa kubwa au ndogo?" "Alikuwa analia au anaita tu?" Yeye alikujibu mara tisa, kwa maneno mawili matatu, na kila mara baada ya kukungojesha wiki nyingi. Wa mwisho ni wako wa Januari: "Mbona umenyamaza? Nimekukosea nini?" Wakati huo nilikuwa namlisha kwa kijiko.

Sikucheki wala sikulaumu. Na mimi nimekaa naye meza moja miaka ishirini na sita nikingoja neno lake zuri, na akinipa nalala vizuri.

Sasa unajua kwa hakika. Natumaini usingizi wako utarudi.

Mke wa Fundi Miwani


Tarehe 11 Machi

Natumaini usingizi wako utarudi! Wewe mwanamke, usingizi nilikuwa nao. Nilikuwa nao kwa ajili ya sentensi ile.

Nilimchukia aliyeiandika. Kuitwa mara tatu na mwanao ukawa haupo, sidhani kuna adhabu inayozidi hiyo. Lakini ulipopita mwezi niligundua kwamba ndani ya adhabu ile kuna sauti ya mtoto wangu. Muuguzi alinipa kimya, mume wako alinipa maneno. Nikachukua maneno. Uliponiletea karatasi yako yenye utani wangu mwenyewe wa siku ya kuzaliwa, sikushangaa kama ulivyotarajia. Huenda nilijua. Kuna ngazi nyumbani kwangu imelegea, na kila siku nairuka bila kuitazama. Ilikuwa namna hiyo.

Ndiyo, nilimwandikia. Arobaini na moja, kama ulivyohesabu. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu mbele ya mkewe, hebu fikiria, kana kwamba nimemwibia mwenzangu mume.

Nikuambie na lile ambalo simu haiwezi kukuonyesha. Mimi nimejalidi vitabu miaka thelathini. Kamusi, kumbukumbu za mahakama, madaftari ya shule, chochote chenye kurasa kikipita mkononi mwangu kinatoka na mgongo. Nilichapisha majibu yake tisa na jumbe zangu zote. Nikazikunja, nikazishona kwa uzi wa kitani, nikabana, nikapiga gundi, nikatia jalada. Kitambaa cha jalada ni lile gauni nililokwenda kumchukulia, nimelikunja bila kulikata. Katika kazi zote nilizowahi kufanya hakuna iliyotoka safi kama hiyo. Kinakaa chini ya mto wangu. Uongo wa mume wako umevaa nguo ya mwanangu, na niliyeuvisha ni mimi. Haya, niambie nilale vipi.

Ulikuwa na haraka ya kunitua mzigo. Uliuliza kwanza nimeegemea nini?

Kwa kuwa unapenda kumsomea, msomee na hii. Mwambie alitaka kunichoma, akanilisha. Miaka mitatu nimekula mkononi mwake nikashiba. Mwambie Mama Chiriku anashukuru.

Usiniandikie tena.

Mama Chiriku


Tarehe 23 Machi

Mama Chiriku,

Umenikataza, na hii itakuwa ya mwisho isipokuwa uniite mwenyewe.

Maisha yangu yote nimekuwa nikisaga vioo, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba kioo kikimzidi mtu kinampasua kichwa, hata kiwe kisafi namna gani. Nikakuvalisha wewe bila kukupima. Hilo kosa ni langu. Mume wangu hayumo. Nisamehe hilo, hata kama ni kwa baadaye.

Nilimsomea ulivyosema. Nilipofika pale penye "akanilisha", ule upande wake mzima ukashuka, ukawa sawa na ule mgonjwa. Mkono ukaanza kubana. Mara mbili. Mara mbili. Mara mbili tena. Hapana, hapana, hapana. Sijawahi kumwona mume wangu ameumia. Hata mama yake alipozikwa alikuwa anawatazama wanaolia, mimi nikasema ni mwanamume, anajikaza. Hili la kwako limemwingia. Alikataa kumezeshwa chai, alikataa kugeuzwa. Kumbe kitu pekee kisichovumilika kwake ni kumfaa mtu.

Nami niliona raha, Mama Chiriku. Nisikufiche. Raha tamu kabisa, hadi kwenye vidole. Nikamsomea mara ya pili, polepole, nikimtazama macho. Nilipoanza mara ya tatu nilihisi uso wangu unavutika, nikagundua kuwa natabasamu, na simu yake iko pale mezani ikinionyesha sura yangu kwenye kioo chake cheusi. Niliweka barua chini nikatoka nje nikaketi kizingitini. Jirani alipita akanisalimia, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje, nikamwambia hajambo.

Sitamsomea tena kitu chochote. Dada yake amekubali kuja kumwogesha na kumlisha, mimi nitarudi mezani. Kuna miwani ya watu imelala tangu mwezi wa kumi. Yule bibi wa miwani isiyopinda alikuja juzi, nikamnyooshea, nikamwongelesha. Akasema sauti yangu inafanana na ya mume wangu, na usiku ule sikula.

Majina kumi nimeyafunga. La Shahidi lipo, kama ulivyotaka. Simu nimeiweka kwenye droo ya meza ya kusagia, ina chaji. Nikae nalo au nilifunge, ni juu yako. Ukisema neno moja tu nitalifunga.

Mke wa Fundi


Tarehe 8 Aprili

Dada,

Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, nilimwandikia Shahidi. Nilijua simu iko droo gani na nani ataisikia ikitikisika. Niliandika neno moja: "Aliniita?"

Nilikuwa nimeketi jikoni, chai mbele yangu, kichana pembeni. Kichana sijui nilikitoa kwa nini. Nikaona alama kwamba umesoma. Kisha kikatokea kile kineno kidogo pale juu, anaandika. Nikashika ukingo wa meza. Kikapotea. Kikarudi, kikakaa muda mrefu zaidi, kikapotea. Kikarudi tena. Tangu binti yangu afariki sijamwomba Mungu kitu kama nilivyomwomba uandike ndiyo. Na papo hapo, kwa mdomo huohuo, nilikuwa nakuomba wewe usiandike.

Kikapotea mara ya tatu. Nilingoja hadi chai ikafanya utando juu. Hukuandika.

Ungeandika ningeamini. Nadhani ulijua hilo, ndiyo maana ulichelewa hivyo. Ningeamini miaka mingine mingi na ningekuuliza sauti ilikuwa kubwa au ndogo, nawe ungekuwa na huruma, ungenijibu. Kidogo kidogo ungeipenda kazi hiyo. Nimeiona barua yako ya mwisho, pale kizingitini, nikaogopa kwa ajili yako kuliko kwa ajili yangu.

Nikainuka nikakitoa kitabu chini ya mto. Kuna namna ya kufungua kitabu kilichokwisha kujalidiwa, unakata uzi mshono kwa mshono kuanzia katikati, usirarue. Nilifanya hivyo. Karatasi nimeziloweka kwenye beseni mpaka zikawa rojo, nikazimwaga. Gauni limetoka na matundu ya sindano ubavuni, na gundi imekausha sehemu ya kola. Nimelifua mara mbili. Gundi haitoki yote, najua gundi yangu. Nimelikunja hivyohivyo, liko kabatini kwake.

Nyumba imekuwa kimya, dada. Nilikuwa nakikimbia kimya hiki tangu siku muuguzi aliponiambia. Sasa nakaa nacho. Asubuhi nyingine kinanishinda, natoka nakwenda kusimama karakanani katikati ya kelele za mashine. Lakini ni cha kwake. Alikiacha yeye mwenyewe, hakuna aliyekitunga.

Lifunge lile jina. Na kile ulichokuwa unaandika, mara zote tatu, usiniambie kamwe.

Mama Chiriku